Mume Wangu Aliyetaka Kubatizwa Jioni

Mume wangu alikuwa na mpango wa kuingia mbinguni bila kuchoka. Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto, muda mfupi baada ya mapadre kunikomboa katika soko la watumwa Unguja na kunivusha mpaka Bagamoyo, kwa hiyo safari hiyo nilianza kuitumikia mapema: kusali alfajiri, kuacha nyama Ijumaa, kuungama kwamba nimemsengenya jirani, kisha kutoka kanisani nikamsengenya tena kwa sababu yeye hakuwa amebadilika. Mwenzangu alikuwa mpagazi, Mnyamwezi aliyeshuka pwani na pembe ya ndovu begani. Alipoona minazi ya misheni inahitaji watu wa kuikwea, alitua mzigo na hakurudi kwao. Mafundisho ya dini aliyashika upesi kuliko wengi wetu tuliokulia humo. Kubatizwa ndiko alikokataa.

Sababu yake aliipata kwa padre mwenyewe. Jumapili moja padre alitusimulia habari za vibarua wa shambani, wale walioanza kazi asubuhi na wale walioitwa jua likikaribia kuzama, na wote wakapewa ujira sawa. Sisi wengine tulisikia habari za ukarimu wa Mungu. Mume wangu alisikia habari za vibarua.

"Mimi nimebeba mizigo tangu ndevu hazijaota," aliniambia tukirudi nyumbani. "Ukiambiwa wa asubuhi na wa jioni ujira wao mmoja, basi anayeamka asubuhi ana lake jambo."

Na alikuwa na hoja ya pili. Tulifundishwa kwamba maji ya ubatizo huosha kila dhambi iliyotangulia, ndogo kwa kubwa. Basi, alisema, mtu mwenye akili hafui kanzu yake kisha akaingia shimoni kuchimba udongo. Anachimba kwanza. Nilimwuliza udongo gani huo anaotaka kuuchimba mpaka kufa, akacheka, akaenda zake kunywa tembo.

Msinielewe vibaya, sikuolewa na mhuni. Padre alituombea ruhusa kwa wakubwa wake tuoane hivyo hivyo, mmoja ameoshwa na mwingine bado, kwa ahadi kwamba bwana harusi atabatizwa vuli ikianza. Vuli ilianza, ikaisha, zikaja nyingine. Kila padre alipomkumbusha, alijibu kwa adabu kuwa haraka haraka haina baraka. Padre, ambaye Kiswahili alijifunzia kwetu na methali zetu alizipenda mno, aliiandika daftarini akaenda zake.

Mimi nilikuwa na hofu, tena si ndogo. Nilimpenda yule mtu. Nilipenda hata namna alivyoimba nyimbo za safari akiwa juu ya mnazi, sauti ikishuka na makuti. Lakini mkwezi akiteleza haugui kwanza. Anafika chini na habari yake imekwisha, na jioni aliyokuwa akiingoja hakuiona. Nilikuwa na picha kichwani: mimi nimefika mbinguni, nimekaa vizuri, nimevikwa taji yangu, halafu kila mlango ukifunguliwa ninageuza shingo kutazama, na si yeye. Taji hiyo ningeivaa kwa furaha gani?

Nilipomwambia, hakunicheka. Alikaa akafikiri, akapata dawa, na dawa yake ndiyo iliyotufanya tuzungumzwe mji mzima.

Sisi wa kijiji cha Wakristo tulikuwa tumefundishwa wote, wake kwa waume, kwamba mtu akiwa anakufa na padre hayupo, yeyote anaweza kumbatiza. Unammwagia maji kichwani, unataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, basi. Kila mwaka ndui au kipindupindu kilipopita tulitumwa kwenda kutazama wagonjwa, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayejua maneno. Mume wangu alimwendea padre akamwuliza swali moja tu: je, hata asiye Mkristo anaweza? Padre hakupenda kujibu, lakini hakuwa mwongo. Alisema ndiyo, hata huyo, mradi akusudie kufanya kile ambacho Kanisa linakusudia.

Basi mume wangu akaanza kuzunguka Bagamoyo akijiwekea wabatizaji, kama mtu anayejiwekea mitego.

Alianza kwa wakwezi wenzake, mmoja kwa kila kipande cha shamba. Kisha akaenda mjini. Mwenye duka mmoja, Mhindi Mwislamu tuliyenunua kwake chumvi na kaniki, alimsikiliza mpaka mwisho huku akipepea nzi.

"Nikianguka hapa barazani kwako, mwenye duka, chota maji unimwagie, useme maneno haya," mume wangu alimweleza, akamtajia.

"Nikumwagie maji hapa, kando ya magunia ya chumvi?" yule bwana akauliza. "Ndugu yangu, kafie kwako."

Mama muuza vitumbua wa njia ya forodhani alikuwa na moyo zaidi. "Maji nitakumwagia, mwanangu," alisema. "Lakini nikimwona mtu anakata roho, maneno yatakayonitoka mimi ni ya shahada niliyolelewa nayo. Sasa chagua mwenyewe." Mume wangu alirudi nyumbani amenuna, akala vitumbua vyote bila kunibakishia.

Pale ndipo nilipokata shauri. Kama yeye alikuwa akimngojea Mungu kwenye kona, mimi ningemngojea yeye kwenye kona ya kabla ya hiyo. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Sikungoja sana. Masika yalipoanza alirudi kutoka shambani adhuhuri akitetemeka, meno yakigongana. Ilikuwa homa ile ile inayotupiga sote kila mvua zikinyesha, homa ya siku moja mbili, unatoka jasho unainuka. Nilimlaza, nikamfunika mkeka juu ya shuka, kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa homa ya kawaida. Nikachinja kuku.

Harufu ilipomfikia alifungua jicho moja. "Kuku wa nini?"

"Wako," nikasema kwa upole.

"Kwani leo ni sikukuu?"

Nikamfuta jasho. Nikamwita "bwana wangu", neno ambalo hakulisikia tangu wiki ya harusi. Nikamtengenezea mto. Kila nilivyozidi kuwa mpole ndivyo alivyozidi kunitazama, na ninakiri kuwa nilikuwa nikiuma mdomo nisicheke. Halafu akaja shoga yangu wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye uso ambao hata akiwa na furaha unadhani amefiwa. Alisimama mlangoni, akamwangalia mgonjwa, akatikisa kichwa.

"Pole, shemeji," alisema. Kisha akanigeukia mimi, sauti ya chini lakini si ya chini mno. "Nimekuja kuazima jembe. La kwangu limevunjika mpini."

Jembe alilihitaji kwa mihogo yake. Naapa hatukuwa tumepanga hilo. Lakini mume wangu hakuwaza mihogo.

"Jembe la kazi gani?" akauliza kitandani.

Shoga yangu, masikini, alidhani anasumbua mgonjwa. "Usijali, shemeji. Wewe pumzika tu," akasema, akaondoka na jembe.

Mimi nilikuwa nikikoroga mchuzi. Hatimaye nikasikia, "Mke wangu, lete maji."

"Ya kunywa?"

"Usinichezee saa hizi, mwanamke. Yale mengine."

Mapadre walitufundisha kuuliza kwanza, nami nikauliza: unamwamini Mungu Baba, unamwamini Mwanawe, unajutia dhambi zako? Akajibu ndiyo kwa yote, na kwenye dhambi akaongeza mbili tatu ambazo nilikuwa sizijui, na ambazo tulizizungumza vizuri baadaye. Nikachota maji. Nilipofika kwenye jina nikagundua sikuwa nimewaza jina. Nikampa la mtakatifu wa kwanza aliyenijia mdomoni, ambaye alikuwa somo wangu mwenyewe, bikira shahidi. Padre alilirekebisha baadaye. Maji yakamtiririka masikioni, akafumba macho na kukaa anangoja kufa, ametulia, amejaa matumaini.

Jioni homa ikamwachia. Akaamka njaa inamuuma, akamla kuku, akasafisha chungu, na mfupa wa mwisho ukiwa bado mkononi akaelewa. Akauweka mfupa chini.

"Sifi," akasema.

"Tumshukuru Mungu," nikasema.

Asubuhi alikwenda kwa padre kushitaki, nami nikamfuata nyuma, maana kesi hiyo nisingekubali isikilizwe bila mimi. Alisema amebatizwa kwa njama. Padre akauliza ni nani aliyetaka maji.

"Mimi."

"Uliamini?"

"Niliamini kwamba nakufa, baba padre."

"Na Mungu je?"

"Mtu akiwa anakufa anaamini kila kitu."

Padre alijipangusa ndevu, na mkono ukachelewa sana kutoka mdomoni. Kisha akatoa hukumu kuwa ubatizo ukishaingia hauna mlango wa kutokea. Nilitembea kurudi nyumbani kama mke wa liwali. Sikuwa nimesema uongo hata mmoja, na mume wangu alikuwa mbinguni tayari, ila miguu tu ndiyo ilikuwa bado Bagamoyo.

Mwezi ule wa kwanza nilifurahi isivyo halali. Aliacha tembo, maana sasa kila kikombe kingeandikwa juu ya nguo nyeupe. Alikwea minazi polepole, akishuka kwa tahadhari ya mtu anayebeba mayai. Wenzake walipomtania alijibu kwamba wao bado wanachimba udongo. Nilidhani udongo wake ulikuwa huo tu, tembo na maneno ya masihara na ngoma za upande wa mjini.

Kisha nikaona jambo. Kila magharibi tulisali pamoja, naye sasa alikuwa akisali kwa sauti, mwanamume mwenye sauti nzuri. Lakini tulipofika pale tunapoomba tusamehewe kama sisi tunavyowasamehe wengine, sauti yake ilikatika. Midomo ilifungwa. Tukivuka maneno hayo, anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nilidhani ni kikohozi. Siku iliyofuata tena, na iliyofuata tena.

Nilimwuliza tukiwa tunamenya mihogo. Alimaliza muhogo mmoja, halafu akasema yote kwa pumzi moja.

Alikuwa na mdogo wake. Walishuka pwani pamoja katika msafara ule wa mwisho, na wakiwa katika nyika ya Marenga Mkali, mwendo usio na kisima, yule kijana akaanguka kwa kuhara. Mume wangu alikuwa mbele na mzigo, hakujua. Alipofika kambini na kumtafuta, wakamwambia kuwa mnyapara wa msafara amemwacha njiani, na msafara haurudi nyuma. Hakuonana naye tena. Yule mnyapara, mtu wa pwani, sasa alikuwa mzee, anakaa karibu na kambi ya wapagazi hapo hapo Bagamoyo, akisokota kamba za makumbi ya nazi. Mume wangu alikuwa akimwona karibu kila wiki.

"Nilitaka nimchukie mpaka mwisho," alisema. "Nikiwa nakufa, ningemwachilia. Siku hiyo ningekuwa sina tena haja naye. Wewe umeniosha kabla sijamaliza." Machozi yakaanguka kwenye mihogo, naye akaendelea kumenya.

Sikucheka tena. Padre alikuwa akituambia bila kuficha kwamba asiyesamehe anajifungia mlango mwenyewe, awe ameoshwa au hakuoshwa. Nilikuwa nimemwingiza mtu ndani ya ua nikamwacha mlangoni mwa nyumba, mahali pabaya kuliko alipokuwa. Lakini mimi si mtu wa kukaa na hofu, na kesho yake nikamwambia aende akamsamehe, yaishe.

Alikwenda. Alirudi upesi mno. Niliambiwa na waliokuwepo kwamba alisimama barabarani, mbali, akanguruma, "Nimekusamehe," akageuka aende. Mzee akauliza, "Umenisamehe nini?" Mume wangu akamweleza ni nini, na mama wa yule mzee pia akamtaja, kwa matusi, mpaka watu wakaja kumshika.

Mara ya pili nilikwenda naye. Nilibeba kikapu cha mihogo ili mikono yangu iwe na kazi. Mzee alikuwa ameketi katikati ya makumbi yake, miguu imevimba, kofia imechakaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatutazama wote wawili.

"Huyu ndiye mkeo?" akamwuliza mume wangu. "Mwambie akae. Wewe pia kaa, kama leo hukuja na kisu."

Mume wangu hakukaa. Alisimama kama nguzo, akayasema yale maneno aliyoyapanga njia nzima, kwamba dini yake inamtaka amsamehe mtu aliyemwacha ndugu yake afe peke yake, na kwa hiyo amemsamehe. Ulikuwa msamaha mgumu kuliko tusi.

Mzee alisokota kamba yake kidogo. "Yule kijana mrefu mwenye pengo la meno," akasema. "Hakufa peke yake."

Akatusimulia bila haraka. Alimwacha, ndiyo, kwa sababu watu wote walikuwa wanakufa kwa kiu na alikuwa na amri ya kuufikisha msafara. Alipokwisha kuupanga kambini, akarudi nyuma na kibuyu chake mwenyewe. Kilikuwa na maji kidogo, na mengine hayakuwepo mpaka Mpwapwa. Akamkuta hai. Akamwinua kichwa akamnywesha.

"Akasema yana baridi," mzee alisema. "Hayakuwa na baridi hata kidogo, yalikuwa yamechemka na jua. Lakini alisema hivyo. Nikakaa naye mpaka akaisha, nikamfunika kwa mawe fisi wasimpate."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya mume wangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nilirudi nikakukuta unanitafuta na kisu. Tangu siku hiyo ukiniona unatema mate. Mtu anayetema mate humpi habari, unampa njia."

Mume wangu akakaa. Alikaa chini kabisa, juu ya makumbi. Kisha akauliza mawe yalikuwa makubwa kiasi gani, na mzee akamwonyesha kwa mikono.

Tulirudi kwa njia ya shambani. Alitembea mbele yangu na kikapu kitupu, na tulipokaribia nyumba za kwanza za kijiji chetu akasimama.

"Yale maji," alisema. "Mdogo wangu alikuwa anataka kuwa mtu mwema. Hakuna aliyemwambia habari za Mungu huyu. Yale maji aliyopewa akiwa anakufa, yanahesabiwa?"

Nilikuwa mwanafunzi bora wa masista wa misheni. Nilijua jibu la kitabu: maji bila maneno ni maji ya kunywa tu, na aliyeyatoa alikuwa Mwislamu aliyekusudia kuzima kiu, basi. Nilijua pia lile fundisho lingine, kwamba anayempa mwenye kiu hata kikombe kimoja hatakosa thawabu yake. Mafundisho hayo mawili hayajawahi kufunganishwa na padre yeyote kwa namna niliyotaka. Nikayafunga mwenyewe, hapo hapo njiani.

"Yanahesabiwa," nikasema.

"Kwa nani? Aliyekunywa au aliyetoa?"

"Kwa wote wawili."

Aliwaza. Niliona uso wake ukilainika, kisha ukikunjana. "Basi na yule mzee atakuwepo."

"Atakuwepo."

"Nikae naye milele."

"Milele ni ndefu, bwana wangu. Mtazoeana."

"Una hakika na unachosema?"

"Nina hakika," nikasema, nikimtazama machoni, na hakika yangu ilikuwa sawa na ya mtu anayevuka mto wenye mamba. Magharibi ile tulisali, na tulipofika pale, aliyasema maneno. Aliyasema mbio mbio, kama anayemeza dawa chungu, lakini aliyasema yote, nami nikalia, nikamwambia ni moshi.

Sikwenda kumwuliza padre kama nilijibu sawa, na sijamwuliza padre yeyote tangu hapo. Mume wangu amekwisha kutangulia, na yule mzee alitangulia kabla yake. Siku yangu ikifika, najua nitaitwa kujibu kwa nini nilifundisha dini ambayo sikutumwa kuifundisha. Nitasema ninao mashahidi watatu, mume wangu, mdogo wake na yule mzee, waitwe. Wakija wote watatu, kesi imekwisha. Akikosekana hata mmoja, Mwenye mji anisamehe, ila sitakaa mpaka aniambie yuko wapi.